Jibu la mtaalamu: "For Tomorrow" ya Blur ni wimbo wa majigambo au wa majonzi?

Swali: *Mtaalamu, shikamoo. Nimeanza kufuatilia muziki wa Waingereza wa miaka ya 1990, ule wanaouita Britpop, na kila ninayemuuliza ananiambia nianze na Blur. Sasa nimenasa kwenye "For Tomorrow", wimbo unaofungua albamu yao ya 1993, Modern Life Is Rubbish. Naupenda mno lakini unanichanganya. Ukisikiliza juu juu ni shangwe: fidla zinapanda, watu wanaimba la la la. Ukifuata maneno, kuna mtu anataka kutapika na kuna watu wamepotea barabarani. Je, unaisifu London au unaiponda? Na hicho kiitikio kisicho na maneno ni uvivu wa mtunzi au kuna jambo? – Msomaji, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza vizuri, maana nusu ya jibu umeshaibeba mwenyewe: umesikia kwamba sauti na maneno haviendi upande mmoja. Wapo waliousikiliza wimbo huu miaka nenda rudi bila kugundua kwamba kijana wa ubeti wa kwanza ana kichefuchefu.

Nitaje msimamo wangu kwanza, maelezo yafuate. Kwa sikio langu, wimbo hauisifu London wala hauipondi. Unahusu watu wawili waliochoka, wanaotafuta pa kushika wasije wakadondoka, na London ndipo walipo. Lafudhi, fidla na hiyo la la la yako vyote vimepangwa kulitumikia hilo.

Njia rahisi ya kuuelewa ni kufuata mikono. Ubeti wa kwanza unatuonyesha kijana wa karne ya 20 aliyeshika vyuma vya kujishikizia, anajitahidi asitapike tena. Sikiliza hilo "tena". Maana yake ameshatapika mara moja, na sisi tumeingia katikati ya mkasa. Ubeti wa pili unamleta msichana wa karne hiyo hiyo, mikono ikiwa kwenye usukani, naye anajitahidi asiendeshe kwa namna itakayomtibua mwenzake. Na katika beti zote mbili wanashikana wenyewe kwa wenyewe, kwa nguvu. Kisha wanaishikilia kesho. Ona ngazi hiyo: chuma, usukani, mwili wa mtu, mwisho kitu ambacho hakishikiki kabisa. Damon Albarn, mwimbaji na mtunzi wa Blur, hakuandika sentensi hata moja ya kutueleza kwamba watu hawa wana hofu. Aliorodhesha wanavyovishika, akanyamaza.

Hata wahusika wanaingia kwa hatua. Kwanza ni kijana asiye na jina, kisha ghafla mwimbaji anasema "sisi", kisha anakuja msichana asiye na jina, na wewe msikilizaji umo ndani ya gari. Majina yanakuja mwishoni kabisa, wimbo ukiwa umeshavuka nusu, pale Damon Albarn anapoacha kuimba kwa kunyoosha sauti na kuanza kusimulia kama mtu anayeongea. Jim anasimamisha gari, anashuka, anaenda kwenye nyumba iliyopo Emperor's Gate, anapita mlangoni mpaka chumbani kwake. Anawasha televisheni. Anaizima. Anachemsha chai. Anasema maisha ya kisasa ni takataka, na kwamba yeye anaingojea kesho. Susan anaingia, msichana mtundu mwenye tabasamu zuri, anamwambia waende na gari Primrose Hill, kule kuna upepo na mandhari ni nzuri.

Basi. Hicho ndicho kisa chote.

Nakuomba ukae kidogo na hiyo televisheni. Kuiwasha na kuizima papo hapo ni jambo dogo mno, lakini linakuambia kila kitu kuhusu hali ya Jim: hana anachokitaka. Mwandishi mwingine angetupa ubeti mzima wa kulalamika kuhusu upweke wa mjini. Huyu ametupa swichi na birika. Na lile neno la takataka, ambalo ndilo limeipa albamu nzima jina lake, linatoka mdomoni mwa mtu anayesubiri chai iive. Magazeti ya muziki yalilichukua kama tamko la kisiasa. Mimi nalisikia kama manung'uniko ya mtu aliyerudi nyumbani amechoka, na ninadhani wimbo unapendeza zaidi ukilisikia hivyo. Jina lenyewe, kwa taarifa yako, halikutungwa na Blur. Lilikuwa limeandikwa ukutani kwa rangi maeneo ya Bayswater Road, jijini London, Albarn akaliona.

Sasa mahali. Wimbo huu una ramani ya kweli, na ukiijua utausikia tofauti. Kuna pale wanapoimba kwamba wamepotea Westway. Hiyo ni barabara ya juu ya magari magharibi mwa London, kiasi cha kilomita 4, kutoka Paddington kwenda North Kensington, iliyofunguliwa 1970. Ili ijengwe, nyumba nyingi za watu wa kawaida zilibomolewa, na waliobaki walijikuta magari yanapita usawa wa madirisha ya vyumba vyao vya kulala. Siku ya ufunguzi wakazi waliandamana. Ukiwa juu yake huwezi kusimama kumuuliza mtu njia. Unaona mji wote kushoto na kulia na huna namna ya kuteremka mpaka upate pa kutokea. Kupotea kwenye uchochoro ni jambo moja, na kupotea pale juu ni jingine kabisa, kwa sababu unapotea huku unakwenda kasi.

Emperor's Gate nayo ni mtaa halisi, Kensington. John Lennon aliishi pale na mkewe na mtoto wao mchanga, 1963 hadi 1964, wakati Beatles wanalipuka. Sidhani kama mtunzi aliyekuwa akitafuta kurudi kwenye pop ya Kiingereza aliuchukua mtaa huo kwa bahati nasibu. Primrose Hill iko kaskazini mwa Regent's Park. Wewe uliyezoea kuamka na kuitazama milima ya Uluguru utacheka: "kilima" hicho kina mita 60 na ushei tu kutoka usawa wa bahari. Lakini London ni tambarare, kwa hiyo ukisimama pale mji wote uko miguuni pako. Baada ya wimbo kutoka, mashabiki waliyaandika maneno ya Susan kuhusu mandhari kwenye njia ya kupandia kilimani, nayo yakakaa pale miaka mingi.

Kwa hiyo safari ni hii: juu ya barabara ambako unauona mji na huna udhibiti, ndani ya chumba ambako huoni chochote, kisha ahadi ya kupanda kilimani ambako utauona mji ukiwa umesimama kwa miguu yako. Zingatia kwamba ni ahadi tu. Wimbo hautuambii kama walifika. Baada ya pendekezo la Susan tunasikia habari ya baridi ya London inayogandisha vidole vya miguu, kisha turudi kule kule kwenye kuishikilia kesho.

Tukija kwenye kwa nini Blur waliandika hivi, inabidi urudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Albamu yao ya kwanza, Leisure ya 1991, ilifika namba 7 kwenye chati za Uingereza, lakini ilikuwa imefuata mkumbo wa muziki wa Manchester wa wakati ule. Mara upepo ukageuka. Kundi la Kimarekani la Nirvana lilitoa albamu ya Nevermind mwezi Septemba mwaka huo huo, na roki nzito ya Seattle, granji, ikafunika kila kitu. Blur wakagundua kwamba wana deni la karibu pauni 60,000. Ili kulipunguza wakapelekwa Marekani mwaka 1992 kwenye ziara ya maonyesho 44 kwa takriban miezi miwili, wakipiga mbele ya watu wasiojali na wakinywa kupita kiasi. Walifika mahali pa kupigana wao kwa wao.

Huko ndiko Albarn alikoanza kuikumbuka nyumbani, hasa vitu vya kawaida visivyo na fahari yoyote. Alikuwa na kaseti ya The Kinks, kundi la Waingereza la miaka ya 1960, akawa anaisikiliza njia nzima. Nadhani hapa ndipo penye chimbuko la uchungu unaousikia. Uingereza ya "For Tomorrow" imechorwa na mtu aliyeikumbuka akiwa mbali, na anayekumbuka hukumbuka chai na baridi, wala hakumbuki bendera. Hata kichefuchefu cha kijana wa ubeti wa kwanza, mimi nakihesabu kuwa kimetoka kwenye ziara ile.

Waliporudi mambo hayakuwa shwari. Singo yao ya Machi 1992, "Popscene", ilikuwa imeishia namba 32 na ikawavunja moyo kiasi kwamba hawakuiweka hata kwenye albamu. Julai walipanda jukwaani jijini London wakiwa wamelewa chakari, usiku ambao kundi la Suede, wapinzani wao wapya, lilipiga vizuri, na Food, kampuni iliyokuwa ikitoa rekodi zao, ikakaribia kuwatimua. Walijaribu kurekodi na Andy Partridge wa kundi la XTC, haikwenda. Mwishowe wakarudi kwa Stephen Street, mtayarishaji aliyekuwa amefanya kazi na kundi la The Smiths, na ambaye tayari walimjua. Kufika Desemba albamu ilikuwa kama imekamilika. Dave Balfe, mwenye Food, akaisikiliza akasema haina wimbo wa kuuza na kwamba wanajimaliza wenyewe kibiashara.

Siku ya Krismasi 1992, akiwa nyumbani kwa wazazi wake Essex, kichwa bado kizito kwa pombe za mkesha, Albarn akatunga "For Tomorrow". Sasa rudi usome tena maneno ukiwa na habari hiyo mkononi. Mtu ameambiwa kazi yake ya mwaka mzima haitoshi, ana deni, ana tumbo linalovurugika, na anaandika kuhusu kushikilia mpaka kesho. Sidhani kama unahitaji nadharia nyingine.

Haya, sauti. Wimbo unaanza na gitaa kavu likichapwa wazi, na sauti ya Albarn inaingia bila kusubiri sana. Lafudhi ni ya kusini mashariki mwa Uingereza, irabu zimelegezwa, hazikupambwa zifanane na za Marekani kama walivyozoea waimbaji wengi wa roki. Leo jambo hilo ni la kawaida. Mwaka 1993, huku redio zikiwa zimejaa vijana wanaounguruma kama watu wa Seattle, lilikuwa na ujeuri ndani yake. Kwenye namna anavyolivuta neno utamsikia David Bowie wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ile kauli ya kijana wa karne ya 20 inamwinamia Marc Bolan, ambaye kundi lake la T. Rex lilikuwa na wimbo wa jina hilo mwaka 1973.

Chini ya sauti, gitaa la besi la Alex James halikai pale kuhesabu mapigo tu. Linatembea, linaimba wimbo wake wa pili. Dave Rowntree kwenye drams anapiga kwa adabu. Graham Coxon, ambaye kwingineko kwenye albamu anakwaruza gitaa la umeme kana kwamba ana kisasi nalo, hapa anaziachia nafasi fidla. Nazo si za kinanda cha umeme. Ni watu wanne wa Duke String Quartet: fidla mbili, viola na selo. Hilo lina maana. Okestra kubwa ingeufanya wimbo uwe wa sherehe ya taifa, wa kusimamia wima. Wanne wanabaki na ukubwa wa chumba. Unasikia nyuzi zikisuguliwa, kuna ukakasi kidogo, na huzuni inapata mlango wa kuingilia hata pale sauti inapopanda.

Hapo tunafika kwenye la la la yako. Si uvivu, na ushahidi umo kwenye maneno yenyewe. Kabla tu ya kiitikio Albarn anasema kwamba wanashikana, wanaishikilia kesho, *huku wakiimba*. Ndipo la la la inaanza. Kwa maneno mengine, hicho ndicho wanachokifanya wale wawili ndani ya gari. Wamepotea, mmoja ana kichefuchefu, mwingine anaendesha, hawana cha kuambiana, wanaimba. Angeweka pale maneno ya busara kuhusu maisha, angetutoa garini na kutupeleka darasani.

Kisha kuna suala la nani anaimba. Pamoja na Albarn utasikia wanawake wawili, Miriam Stockley na Mae McKenna, waimbaji mahiri wa studio wenye sauti safi mno. Stockley, kwa taarifa yako, ni mzaliwa wa Johannesburg, na miaka miwili baadaye dunia ingemjua kupitia mradi wa muziki wa Adiemus. Sauti zao hazifanani hata kidogo na watu waliopotea Westway. Ndiyo maana kiitikio kinakuwa kikubwa kuliko gari: kwenye beti mpo wawili, kwenye kiitikio ghafla mko wengi. Anayejua muziki wetu wa dansi hatashangaa. Mara ngapi ukumbi mzima umecheza kisa cha mtu aliyefiwa au aliyeachwa, tena kwa furaha ya kweli? Hakuna aliyedanganywa. Huzuni ya mtu mmoja imepewa miguu ya watu wengi. "For Tomorrow" inafanya hivyo hivyo, na ndiyo sababu unausikia mtamu na mchungu kwa mkupuo.

Kuhusu The Kinks: ukisikiliza "Waterloo Sunset" yao ya 1967 utamkuta Terry na Julie, wapenzi wawili ndani ya London, na mtu anayewatazama kutoka dirishani. Jim na Susan ni wajukuu zao, hilo liko wazi. Lakini tazama tofauti. Terry na Julie wanavuka mto na wimbo unatuambia wako salama. Jim na Susan hawajaambiwa hivyo. Na yule mtazamaji wa dirishani hayupo tena. Msimuliaji amehamia ndani ya gari na ameanza kusema "sisi". Katika ile miaka 26 iliyopita kati ya nyimbo hizi mbili, Westway imejengwa. Sitaki kulazimisha hoja, ila sioni kama ni bahati kwamba jina la barabara hiyo liko pale.

Majigambo, basi, yametoka wapi? Yametoka kwenye picha na magazeti zaidi kuliko kwenye wimbo. Blur walipiga picha za matangazo wakiwa wamevaa buti za Dr. Martens na jinzi zilizokunjwa chini, mbwa mkubwa pembeni, na baadhi ya waandishi wakawashuku kwamba wanacheza na alama za wabaguzi. Wakati huo huo, Aprili 1993, jarida la Select lilitoka na Brett Anderson wa Suede mbele ya bendera ya Uingereza pamoja na maneno ya kuwafukuza Wamarekani. Jina la Britpop lilikuja kushika kasi mwaka uliofuata, na bendera zikafuata. Mtu anayeingia kwenye "For Tomorrow" leo anaingia akiwa ameshaziona bendera hizo, na anazisikia hata pale ambapo hazipo. Video yake, iliyoongozwa na Julien Temple kwa rangi nyeusi na nyeupe, ina Trafalgar Square na vitu vyote vya kitalii, kwa hiyo haikusaidia sana.

Sokoni wimbo ulifika namba 28 ulipotolewa Aprili 1993, na albamu ya mwezi uliofuata ikafika namba 15. Si aibu, lakini hakuna aliyetajirika. Utajiri ulikuja na albamu iliyofuata, Parklife, mwaka 1994.

Kama utaendelea na albamu hii, na nakushauri uendelee kabla ya kuigusa Parklife, usiuruke wimbo wa pili, "Advert". Fidla zikishatulia tu, inaingia sauti ya tangazo inayosifia mashine ya kusagia chakula jikoni, na magitaa yanakurupuka. Mfuatano huo ni wa makusudi, na unachekesha. Lile toleo refu la "For Tomorrow" linaloitwa jina la Primrose Hill waachie mashabiki sugu. Kwa maoni yangu limevutwa kuliko kisa kinavyobeba. Nenda moja kwa moja kwenye "Blue Jeans". Ni wimbo mtulivu wa kijana aliyenunua viatu vyenye soli laini Portobello Road siku ya Jumamosi, anayevaa jinzi zile zile kila siku, na anayetaka abaki vile vile alivyo milele. Usikilize mara tu baada ya "For Tomorrow", kisha uniandikie uniambie yupi kati ya kijana huyu na Jim anaiogopa kesho zaidi. Mimi nina jibu langu, lakini nataka kusikia lako kwanza.